Jinsi ya kuiona 51 Pegasi, nyota kama Jua letu yenye sayari yake, kwa macho yako mwenyewe

Nikiwaambia watu kuna nyota ya aina ya Jua letu, ina sayari kabisa, na unaweza kuiona umelala kwenye mkeka nje ya nyumba, wanadhani nawapiga fiksi. Hapana bana. Inaitwa 51 Pegasi, iko mbali miaka ya nuru 50 hivi (yaani mwanga wake unasafiri miaka 50 hivi kutufikia), na ndo nyota ya kwanza ya aina ya Jua kugundulika ina sayari inayoizunguka. Ilikuwa 1995, Michel Mayor na Didier Queloz waliigundua wakitumia darubini ya Haute-Provence kule Ufaransa, 2019 wakapewa Nobel.

Kwanza muda. Kwa hapa Bongo, Oktoba katikati toka kama saa tatu na nusu usiku, Novemba mwanzoni saa mbili tu inatosha. Shida huo ndo msimu wa vuli, kwa hiyo usipange tarehe, we vizia, mvua ikipiga jioni halafu mawingu yakapasuka toka hapo hapo maana vumbi limeoshwa na anga inakuwa safi balaa. Mwezi usiwepo. Na mjini sahau, utaishia kuangalia taa za majirani.

Simu weka mfukoni. Macho yanataka dakika 20 za giza ndo yazoee, ukichungulia WhatsApp mara moja tu unaanza upya. Mi siku ya kwanza nilitegemea apu, kumbe nimesimama kando ya banda la mabati, dira ya simu ikachanganyikiwa, nikahangaika nusu saa nzima upande wa kusini natafuta nyota iliyoko kaskazini.

Sasa geukia kaskazini, inua macho juu sana, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka chini mpaka utosini. Utaona nyota nne zimekaa mraba mkubwa, kila upande kama ngumi moja na nusu ukinyoosha mkono, na katikati ni kama pamefagiliwa. Huo ndo mraba wa Pegasus, kundi la nyota ambalo 51 Pegasi imo. Shika upande wa kushoto: nyota ya chini ni Scheat, ina kauchungwa fulani hivi, ya juu ni Markab, nyeupe. Ukiona ya chini haina rangi hiyo basi umekamata upande mwingine, rudi. Pita kwenye mstari wa hizo mbili mpaka karibu na katikati, ivutie Markab kidogo, halafu toka nje ya mraba kwenda kushoto kama upana wa kidole gumba. Hapo.

Ni hafifu, usiikazie macho, angalia pembeni yake kidogo ndo inajitokeza. Ukiwa na darubini ya macho mawili, hata ile ya bei chee, kazi imeisha.

Sayari yenyewe huioni, hata wakina Mayor hawakuiona. Walipima mwanga wa nyota wakakuta nyota inakuja kwetu halafu inarudi nyuma, mita 55 hivi kwa sekunde, kama gari linalokimbia kilomita 200 kwa saa, na mchezo huo unajirudia kila siku 4 na kidogo. Chukulia mtu anamzungusha mtoto kwa mikono, mtoto anapiga duara kubwa ila mtu mwenyewe naye anayumba. Giza likimficha mtoto, ukimwona huyo mtu anavyoyumba utajua tu kuna kitu ameshika. Na kilichoshikwa huku ni kikubwa, karibu nusu ya uzito wa Mshtarii, kimeisogelea nyota yake mara 20 kuliko tulivyolisogelea Jua, joto nyuzi 1,000 hivi. Wengi hawakutegemea lijitu kama hilo kukaa karibu namna ile.

Wabongo tuna yetu pia, nyota WASP-71, tangu 2019 inaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite, ila hiyo ni hafifu mno kwa macho, usijisumbue.

Ukishaipata rudi baada ya siku nne hivi, sayari itakuwa imeizunguka nyota yake mara moja, yaani imemaliza mwaka wake mzima. Nilimpigia mpwa wangu hesabu, ana miaka tisa, kule angekuwa na 770 na ushee, akauliza keki zote hizo angenunua nani.