Kabla hujaanza kwenda kazini kwa baiskeli Arusha

Mtu mzima anayeogopa baiskeli mjini mara nyingi haogopi kuanguka, anaogopa njia. Akilini ana ile ya daladala tu, anajiona Barabara ya Sokoine saa mbili asubuhi katikati ya vifodi (daladala ndogo za huku) na bodaboda, hamu inakata. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta njia yako na uipite Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Mtaa wa nyuma wenye vumbi na mashimo, hata ukikuongezea dakika kumi, ni afadhali kuliko lami ambako malori yanakupita ubavuni. Angalia na mteremko. Mji umekaa chini ya Mlima Meru, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Anayekaa Njiro, upande wa chini wa mji, asubuhi anapanda na jioni anashuka, wa Ilboru, upande wa mlimani, kinyume chake.

Ndiyo maana naanza na breki, kofia ngumu baadaye (ivae, sibishi). Bana breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele: gurudumu la mbele ligome kabisa, la nyuma lijaribu kunyanyuka. Mkono wa breki ukifika hadi kugusa usukani, waya umelegea. Kwa fundi ni kazi ndogo. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, rimu ikilowa breki hazishiki papo hapo. Zibane kidogo kidogo mapema, rimu ikauke kabla hujafika kwenye kona.

Barabarani kaa kushoto, lakini usijibanze kwenye mtaro. Ukijibanza, kila dereva anadhani mnatosha wote wawili. Magari yaliyoegeshwa yape mita moja hivi, mtu asije akakufungulia mlango. Ukiwa nyuma ya kifodi, msikilize konda: akigonga bodi, dereva anaingia kituoni sasa hivi, indiketa iwake isiwake. Punguza mwendo, wala usipite kushoto kwake, abiria wanashukia hukohuko. Ukitaka kuhama upande, geuza shingo kwanza, ndipo unyooshe mkono. Bodaboda hutokea pande zote. Na kipilefti ya Mnara wa Saa ikikushinda, shuka ukokote baiskeli kwenye zebra kama mtembea kwa miguu. Wanaoijua baiskeli miaka mingi nao hushuka.

Taa ni lazima, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, maana huku jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima. Gauni refu au suruali pana ifunge isinaswe na cheni.

Halafu ulizia kazini baiskeli italala wapi mchana. Zungumza na mlinzi kabla ya siku ya kwanza, akuonyeshe nguzo au nondo ya kufungia, na kufuli ipite kwenye fremu, si kwenye gurudumu peke yake.