Kuchagua bunduki ya kwanza kuukuu ya jeshi: mwongozo kwa Waafrika Mashariki walioko ughaibuni

Katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, mvuvi anayenunua mtumbwi uliokwisha kutumika haanzi kwa kutazama rangi wala jina lililochorwa ubavuni. Huomba upinduliwe, akapapasa mbao za chini, akagonga msumari mmoja mmoja na kuchungulia kalafati kwenye maungio, na asiporidhika huondoka hata kama bei ni nzuri. Nimeanza na mtumbwi kwa sababu vijana wetu walioko Marekani, Kanada na Uingereza, wanaoniuliza wanunue bunduki gani kuukuu ya jeshi, ile ya kuvuta kwa mkono bolti, yaani komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, karibu wote huanza na jina: Mauser au Lee-Enfield, ya Mrusi au ya Mwingereza. Niliishi Marekani miaka 11 kabla ya kurejea nyumbani, nikawa mwanachama wa klabu ya shabaha, na kwa uzoefu wangu jina linapaswa kuja la nne. La kwanza ni hadhi yako ya kisheria katika nchi unayoishi, la pili ni risasi, la tatu ni hali ya mtutu.

Kuhusu sheria sitaki kupunguza uzito wa jambo lenyewe, kwa kuwa mwenyeji akikosea hutozwa faini au hufungwa, ilhali mgeni anaweza pia kupoteza haki ya kuishi katika nchi ile. Nchini Marekani, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki akijaza fomu namba 4473 na kupita ukaguzi wa kumbukumbu zake. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa kumiliki bunduki na hata risasi moja, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha michache iliyotajwa na sheria, ukiwemo ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa nchini humo. Anayeishi bila kibali hana ruhusa kabisa. Usikubali kumnunulia ndugu au rafiki bunduki kwa jina lako kwa kuwa yeye karatasi zake hazijakamilika. Hilo ni kosa la jinai hata kama fedha ni zake, na hatia ya kosa la silaha inatosha kumwondoa nchini hata mwenye kadi ya kijani. Majimbo nayo yana masharti yake juu ya hayo ya shirikisho, kwa hiyo mwanasheria wa uhamiaji aulizwe kabla ya mwenye duka.

Uingereza mambo hupita njia nyingine. Cheti cha silaha hutolewa na polisi kwa miaka 5, nawe huna budi kuonyesha sababu ya msingi, ambayo kwa wengi huwa uanachama wa klabu iliyoidhinishwa. Utahitaji watu wawili wa kukuthibitisha, na kila bunduki huombewa nafasi kwenye cheti kwa kaliba yake, yaani kipimo cha risasi na mtutu, kabla hujainunua. Kanada hutaka kozi ya usalama wa silaha na kisha leseni, na mwombaji mpya husubiri si chini ya siku 28. Ujerumani mlenga shabaha hudaiwa miezi 12 ya uanachama na mazoezi ya kawaida kabla ya kuomba. Muda huo wa kusubiri ni mzuri, tena nawasihi hata walioko katika majimbo yasiyoudai wajiwekee wenyewe, kwa sababu katika klabu utafyatua bunduki za wenzako na kujifunza ni ipi inayokaa vizuri begani kwako.

Karatasi zikikamilika, ulizia risasi. Bunduki hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, nyingi kati ya miaka ya 1890 na ya 1950, na kila dola ilikuwa na kaliba yake: Mwingereza .303, Mjerumani milimita 7.92 kwa 57, Mrusi 7.62 kwa 54 yenye ukingo, Mmarekani .30-06, Mswidi 6.5 kwa 55, Mswisi 7.5 kwa 55. Kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia kingali kinatengeneza nyingi kati ya hizo, na .30-06 hupatikana karibu kila duka la wawindaji wa Marekani. Risasi za Arisaka ya Japani, za Carcano ya Italia, au za Steyr ya Austria ya kaliba ya 8 kwa 56 ni za kutafutwa, na mtu ambaye hajajifunza kujaza upya mwenyewe maganda yaliyokwisha kutumika atajikuta na bunduki nzuri asiyoweza kuitumia. Nenda kwenye maduka mawili yaliyo karibu nawe, tazama kilichopo kwenye rafu na bei ya boksi moja, ukazidishe kwa mwaka mzima wa mazoezi. Hesabu hiyo mara nyingi huizidi bei ya bunduki yenyewe.

Katika suala la risasi ndimo nilimokosea mimi. Risasi nyingi za zamani za majeshi zina fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, zenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiwaka huacha ndani ya mtutu chumvi ya kloridi ya potasiamu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa kama ile ya jikoni. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi, bali huifunika tu. Nilifyatua risasi kama hizo Jumamosi moja, nikapitisha kitambaa chenye mafuta na kuweka bunduki kabatini nikiamini nimemaliza kazi, na Jumamosi iliyofuata nikakuta kutu ya rangi ya chungwa kuanzia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, hadi mdomoni. Vishimo vile havikutoka tena. Dawa yake ni maji ya moto, ambayo huyeyusha chumvi, yapitishwe mtutuni na kwenye uso wa bolti siku ileile, kisha kila kitu kikaushwe kabisa ndipo mafuta yafuate. Risasi mpya za kiwandani hazina tatizo hili, na kwa anayeanza ningeshauri atumie hizo peke yake.

Sasa tuje kwenye majina, na nikiri wazi kwamba moyo wangu uko kwa Lee-Enfield. Bunduki iliyobuniwa na James Paris Lee ndiyo iliyobebwa na askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza la King's African Rifles, hata wale waliopelekwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kwenye ukanda huu wa ziwa ilijulikana mapema zaidi: mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu na kuishambulia Bukoba, na Julai 1916 yakaiteka Mwanza. Upande wa pili, askari wengi wa Kijerumani waliopigana Tanga mwaka 1914 walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 ya baruti nyeusi, ambayo kila ilipolia ilitoa wingu la moshi na kumfichua mpigaji. Historia hiyo ni yetu, lakini haitoshi kuwa sababu ya kununua. Sababu ni kwamba Lee-Enfield ina magazini ya risasi 10 ilhali nyingi za rika lake zina 5, bolti yake husafiri umbali mfupi na kwa ulaini, na toleo la No. 4 lililotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, likiwemo lile la Savage wa Marekani na la Long Branch wa Kanada, lina kilengeo cha nyuma chenye tundu kilicho karibu na jicho, ambacho mwanafunzi hukielewa haraka kuliko kilengeo cha mfereji kilichowekwa mbali juu ya mtutu. Kwa anayenunua bunduki yake ya kwanza, No. 4 ndiyo ningemchagulia.

Ina mitego yake, hata hivyo. Ukiona herufi DP zimegongwa kwenye chuma au kitako, ilitengwa kwa gwaride na mafunzo ya kushika silaha tu, mara nyingi kwa kuwa chuma chake kilishaonekana hakifai; isifyatuliwe. Zipo pia nakala zilizochongwa na mafundi wa mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, zenye mihuri ya kifalme iliyokosewa herufi, na hizo ni za kutundikwa ukutani. Ile ya Ishapore ya India iitwayo 2A ilitengenezwa kwa ajili ya risasi ya NATO ya 7.62, wala isichanganywe na dada zake za .303.

Mosin-Nagant ya Urusi, iliyopitishwa mwaka 1891, iliwahi kuwa ya bei nafuu mno kiasi kwamba kila mgeni wa mchezo huu alishauriwa kuinunua, lakini zama hizo zimepita. Ni imara, ni ndefu, toleo la 91/30 likizidi mita 1.2, na bolti yake hukwama kwa sababu ya grisi ya hifadhi iliyoganda ndani ya chemba, jambo ambalo kuisafisha vizuri kwa kiyeyushi hulimaliza mara nyingi. Mauser ya mwaka 1898 na watoto wake, K98k ya Wajerumani, vz. 24 ya Chekoslovakia na M48 ya Yugoslavia, ndizo zenye bolti ambayo wabunifu wengi wa bunduki za uwindaji wameiiga hadi leo. Hapo kuna jambo moja la hatari: kabla ya mwaka 1905 risasi ya Mjerumani ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ile iliyofuata, kwa hiyo bunduki ya kale ya mwaka 1888 isiingizwe risasi ya sasa mpaka fundi bunduki athibitishe kipenyo cha mtutu. Mauser za Uswidi za 6.5 zina usahihi wa kupendeza na teke dogo begani, na K31 ya Uswisi, ambayo bolti yake huvutwa moja kwa moja nyuma bila kuinuliwa, ni kazi ya mafundi waliojali. Ukiwa na fedha na duka lenye risasi zake, usizipite. Springfield ya Marekani ya mwaka 1903 yenye namba ya chini ya 800,000 kutoka kiwanda cha Springfield, au chini ya 285,507 kutoka Rock Island, iachwe bila kufyatuliwa, kwa sababu vyuma vya kipindi hicho vilichomwa kupita kiasi wakati wa kuvikaza na baadhi vikawa vya kuvunjika.

Unapofika kwa muuzaji, omba ruhusa ya kushika, hakikisha chemba na magazini ni tupu kwa kutazama na kwa kidole, hata kama yeye ameshakagua mbele yako, kisha utoe bolti na kumulika mtutu kwa kitochi. Unachotafuta ni mifuo inayozunguka ndani ya mtutu, ile inayoifanya risasi izunguke, yenye kingo kali. Weusi wa ukungu husafishika mara nyingi, na hata mtutu wenye vishimo vichache unaweza kulenga vema, lakini mifuo iliyofutika hairudi. Chunguza mdomo kwa makini zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ufito wa kusafishia ukipitishwa kutoka mbele miaka na miaka husugua upande mmoja, na mahali risasi inapoagana na chuma ndipo mwelekeo wake unapoamuliwa. Mosin nyingi zilitobolewa upya mdomoni na mafundi wa Kisovieti ili kuondoa sehemu iliyochakaa. Kazi hiyo ikiwa safi haina ubaya.

Linganisha namba ya bolti na namba ya bodi, yaani chuma kinachoishika bolti nyuma ya mtutu. Zikitofautiana si lazima uache, ila bunduki ipelekwe kwa fundi mwenye geji akapime nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, kwani nafasi ikizidi, ganda huweza kupasuka na gesi ikarudi usoni mwa mpigaji. Mimi humpa fundi hata ile yenye namba zinazolingana. Mbao nazo zitazamwe nyuma ya bodi na chini ya kilengeo, mahali nyufa zinapojificha chini ya vanishi mpya. Bunduki iliyokatwa mbao na kupunguzwa mtutu ili iwe ya uwindaji imepoteza thamani kwa wakusanyaji, na kwa sababu hiyohiyo huwa nafuu. Kwa anayetaka kulenga shabaha tu, inaweza kumfaa kuliko nyingine zote.

Nyumbani iwekwe kwenye kabati la chuma lililofungwa, risasi zikifungiwa mahali pengine, na mwenzi wako aarifiwe kabla hujanunua. Nyumba zetu ughaibuni hupokea wageni wengi, watoto wa ndugu hulala sebuleni na kufungua kila mlango, na sheria za nchi nyingi humwajibisha mwenye silaha iliyofikiwa na mtoto. Ukielekea uwanjani ibebe ikiwa tupu, ndani ya mkoba uliofungwa, toka mlangoni hadi kwenye buti ya gari bila kusimama kuionyesha kwa jirani. Kijana mweusi mwenye bunduki mkononi barabarani anaweza kupigiwa simu ya polisi kabla hajafika kwenye gari lake.

Swali la mwisho wanaloniuliza ni kama wanaweza kurudi nayo nyumbani. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchi zetu ni miongoni mwa zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo. Bila kibali cha kuingiza kilichotolewa kabla ya safari, pamoja na kibali cha kuitoa nchi uliko, bunduki ni bunduki hata ikiwa na umri wa miaka 100, na kuificha kwenye kontena la vyombo vya nyumbani ni kosa kubwa la jinai linaloweza kumfunga hata shemeji aliyejitolea kukupokelea mzigo bandarini. Yangu niliirudisha dukani kwa mwenye leseni majuma mawili kabla ya kusafiri, akaiuza kwa niaba yangu kwa mwanachama wa klabu ileile, nami nikapanda ndege nikiwa na hati ya mauzo yenye namba ya bunduki, ambayo bado naitunza.