SOMO: Kwa nini video ya MP4 inacheza kwenye simu yako lakini TV inaigomea

Wakuu, malalamiko ni yaleyale: "Faili ni MP4, TV inasoma MP4, mbona haichezi?" Herufi za mwisho za jina la faili, iwe .mp4, .mkv au .mov, zinataja kontena tu, yaani boksi la kubebea. Ndani yake mna picha iliyobanwa kwa kodeki moja (njia ya kubana na kufungua video au sauti) na sauti iliyobanwa kwa nyingine. TV inaweza kulifungua kontena vizuri kabisa, ikashindwa na kilichomo. Ndiyo maana kubadili jina kutoka .mkv kuwa .mp4 hakusaidii chochote.

Hatua ya 1: Jua kilichomo. Fungua video kwa VLC kwenye kompyuta, nenda Tools, kisha Codec Information. Ukikuta H.264 (huandikwa pia AVC), tulia: ni ya mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaisoma. H.265, yaani HEVC, ilikuja 2013. Inapunguza ukubwa wa faili kwa takriban nusu bila kushusha ubora, ila TV na kompyuta za zamani haziiwezi. Kesi nyingi zinazoletwa hapa ni hii. AV1 ya 2018 ni nyepesi zaidi kwa ukubwa, lakini simu isiyo na chipu ya kuisoma itachemka na kumaliza chaji.

Hatua ya 2: Soma dalili. Sauti ipo, picha giza: shuku HEVC. Picha ipo, sauti hakuna: mara nyingi sauti ni AC3 au DTS, kodeki za sauti ambazo TV yako haizisomi, hasa kwenye filamu za MKV. Faili limegoma hata kuingia kwenye flashi: flashi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4.

Hatua ya 3: Badilisha. HandBrake ni programu ya bure ya kubadilisha video kwenye kompyuta. Chagua Fast 1080p30, itakupa H.264 na sauti ya AAC (kodeki ya sauti) ndani ya MP4. Usifute faili la awali, maana kila ukibana upya ubora unapungua. Kama ndani ya MKV tayari mna H.264 na AAC, usibane tena. Hamisha kontena tu kwa ffmpeg, programu inayotumia amri za kuandika:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Inaisha haraka na ubora haushuki hata chembe.

Hatua ya 4: Zuia tatizo kwenye kamera. iPhone: Settings, Camera, Formats, Most Compatible, itarekodi kwa H.264. Gharama yake ni nafasi: dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni kama MB 130, wakati kwa HEVC ni MB 60. Kwa kumbukumbu zako binafsi baki na HEVC. Ukipiga shughuli za watu, weka H.264, mteja hatakuelewa ukianza kumweleza habari za kodeki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikituma kwa WhatsApp inafunguka kila simu, ila picha inakuwa ukungu.
WhatsApp inaibana upya. Itume kama hati, inapokea hadi GB 2. Ila hapo inafika kama ilivyo, kwa hiyo kama ni HEVC, simu ya mwenzako iwe inaiweza.

Kaka, sina kompyuta. Zile tovuti za kubadilisha zinafaa?
Kwa klipu fupi sawa. Kwa video ya GB 1 utapakia, kisha utashusha, bando lote limekwenda. Na video ya familia kwa nini uiweke kwenye seva ya mtu usiyemjua? Tafuta laptopu ya kuazima.

Video za iPhone 13 yangu zikifika kwenye TV rangi zinapauka. Nayo ni kodeki?
Hapana, dada, hiyo ni HDR, yaani video yenye mwanga na rangi pana zaidi ya kawaida. Kuanzia iPhone 12 simu hurekodi kwa Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR, na TV isiyoielewa huonyesha rangi zilizopauka. Nenda Settings, Camera, Record Video, zima HDR Video. Itahusu video utakazopiga kuanzia hapo.