Uthibitisho wa hesabu huanzia kwenye rafu, yaani karatasi ya kujaribia

Swali linasema: thibitisha kwamba namba witiri yoyote, ukiizidisha kwa yenyewe kisha ukagawa kwa 8, inabaki 1. Karibu kila mwanafunzi anayekuja kwangu twisheni hapa Mikindani, Mtwara, huanza hivi: 3 mara 3 ni 9, imebaki 1. 5 mara 5 ni 25, imebaki 1. 7 mara 7 ni 49, imebaki 1. Anapiga mstari kwa rula, anaandika "imethibitika", anafunga kauntabuku. Hesabu zote tatu ni sahihi na alama hapati.

Nadhani korosho zimetuzoesha vibaya. Ghalani mkaguzi huchoma magunia kwa bambo, akatoa korosho chache, akazipasua, na kwa hizo akapanga daraja la mzigo mzima. Kwa korosho inatosha. Kwa namba haitoshi. Jaribu dai hili: n² + n + 41 daima ni namba tasa. Weka n = 0 upate 41, weka 1 upate 43, weka 2 upate 47, zote namba tasa. Endelea mpaka n = 39, hutakuta isiyo tasa. Weka 40: 40 × 40 + 40 ni 40 × 41, ongeza 41, unapata 41 × 41, yaani 1681. Si tasa. Mifano 40 mfululizo imekubali, wa 41 umekataa. Kwa hiyo mfano mmoja mbaya unatosha kuangusha dai, lakini mizuri hata elfu haiwezi kulisimamisha.

Hatua ya kwanza: andika ulichopewa kwa herufi

Juu ya karatasi andika mistari miwili: nina nini, nataka nini. Kisha kila neno la swali ulipe maana yake ya kihesabu. "Shufwa" ni 2k, "witiri" ni 2k + 1, k ikiwa namba nzima. "Inagawanyika kwa 8" ni 8m. "Inabaki 1" ni 8m + 1. Herufi ndiyo inayokuwezesha kuzungumzia namba zote kwa mara moja.

Angalizo moja: swali likitaja namba witiri mbili, usiziite zote 2k + 1, maana hapo umesema ni namba ileile. Moja iite 2k + 1, nyingine 2j + 1.

Hatua ya pili: rafu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa chafua karatasi bila huruma. Pepa utalijibu kwa Kiingereza, sawa, ila rafu ifikirie kwa Kiswahili kama ndicho unachofikiria haraka.

Nina (2k + 1)². Nikifungua mabano: 4k² + 4k + 1. Ile 1 ya mwisho tayari ninayo, vizuri. Mbele yake nataka 8 mara kitu fulani, lakini nina 4k² + 4k. Nitoe 4k nje: 4k(k + 1). Nina 4, nimepungukiwa 2. Itoke wapi? Tazama k na k + 1. Zinafuatana, kama 6 na 7, kama 13 na 14. Kila zinapofuatana mbili, moja lazima iwe shufwa. Ile 2 ilikuwa imejificha humo.

Umeona nilivyokuwa natazama mwisho huku nakokotoa mwanzo? Kwenye rafu ni ruhusa kwenda mbele na kurudi nyuma.

Hatua ya tatu: nakala safi

Nakala safi inakwenda upande mmoja tu, kutoka ulichopewa mpaka unachotaka, na kila sentensi ina sababu yake:

*Tuchukue namba witiri yoyote, n. Kwa kuwa n ni witiri, ipo namba nzima k ambayo n = 2k + 1. Hivyo n² = 4k² + 4k + 1 = 4k(k + 1) + 1. Namba k na k + 1 zinafuatana, kwa hiyo mojawapo ni shufwa, na zao la hizo mbili ni shufwa pia: k(k + 1) = 2m, m ikiwa namba nzima. Basi n² = 8m + 1, yaani n² ikigawanywa kwa 8 inabaki 1. Imethibitika.*

Kosa ninalolipiga kalamu nyekundu kila siku ni kuanza nakala safi na kile kinachotakiwa kuthibitishwa, kisha kushuka mpaka kitu cha kweli. Kwa njia hiyo naweza "kuthibitisha" kwamba 1 = −1: zidisha kila upande kwa wenyewe, unapata 1 = 1, kweli kabisa.

Jometri: usiiamini picha

Mwanahisabati Mgiriki Euklidi aliyapanga haya Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na utaratibu haujabadilika. Mchoro ni rafu. Kupima pembe kwa kipimapembe ni kuchoma gunia kwa bambo tu.

Dai: AB ni kipenyo cha duara, C ni nukta nyingine kwenye duara. Thibitisha pembe ACB ni 90°.

Chora kwa bikari, kituo O. Ukikwama jometri, jiulize ni mstari gani haujachorwa. Hapa ni OC. Sasa OA, OB na OC ni nusukipenyo, kwa hiyo ziko sawa. OAC ni pembetatu pacha, pembe zake za A na C ni sawa: ziite x. OBC vilevile: ziite y. Pembe za ABC ni x, y na x + y. Jumla ni 180°, kwa hiyo 2x + 2y = 180°, na x + y = 90°. Imethibitika.

Fundi seremala anayetafuta kituo cha meza ya duara huweka kona ya skwea ukingoni, akaweka alama pale mikono miwili ya skwea inapokata ukingo, akaziunganisha. Anapata kipenyo. Akirudia mahali pengine, vipenyo viwili vinakatana kituoni. Lakini angalia: fundi ametumia dai lililogeuzwa, kwamba pembe ikiwa 90° basi AB ni kipenyo. Hilo bado hatujalithibitisha, na haliji bure na la kwanza. Lifanye wewe. Kutoka A chora kipenyo AD. Eleza kwanza kwa nini D haiwezi kuwa C. Kisha uliza: pembe ACD ni ngapi, na mstari wa pembe mraba na AC unaopita C unaweza kukutana na duara mahali pengine pangapi?