Rafiki Anayeshukiwa Mauaji Anapobisha Hodi Usiku

Mfungulie, mpe maji na umsikilize bila kumhukumu, kwa maana mtu aliyetoka Manzese hadi kwako Temeke saa nane za usiku amekuamini kuliko ndugu zake. Shati lake lenye damu lisifuliwe wala kuchomwa, hata akikusihi, kwani huenda ndilo litakalomtetea. Usimfiche: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayemsaidia muuaji kukwepa adhabu huku akijua alichotenda, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Kukipambazuka mtafutie wakili, mfuatane naye kituoni, na asitoe maelezo wakili akiwa hayupo. Mweleze mapema, kwa upole, kwamba mauaji ya kukusudia hayana dhamana, ili aamue nani atabaki na watoto.