Maji au mbolea? Jaribio la viriba 48 la kujua miche yako inakosa nini

Msimu wangu wa kwanza wa kitalu hapa Dodoma niliotesha mijohoro na kuilisha yuria mpaka ikawa mirefu, majani mapana, kijani cha kung'aa. Wateja waliisifu. Ilipandwa Januari, mvua ikasimama Februari kama inavyofanya mara nyingi huku kwetu, na mingi ikakauka ikiwa imesimama wima. Miche ya jirani yangu, mifupi na isiyovutia macho, ilipita salama. Tangu hapo najali sana swali hili: mche unapodumaa, umekosa maji au umekosa chakula? Dawa ya tatizo moja huweza kuua mche wenye tatizo lingine.

Jaribio ninaloeleza hapa halihitaji maabara. Utahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu, rula, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, kalipa ya fundi ya kupimia unene, daftari, na uvumilivu wa wiki nane.

Hatua ya 1: Chagua mti mmoja na uanze kwa wakati

Mimi hutumia mjohoro kwa sababu hukua haraka na majibu huonekana mapema. Tena una jambo ambalo wengi hawalijui: ingawa unazaa maganda kama jamii ya kunde, mizizi yake haifanyi vinundu vya kukamata naitrojeni ya hewani kama migunga inavyofanya. Kwa hiyo naitrojeni yake yote hutoka kwenye udongo na samadi au mbolea unayoweka. Ukitaka kujaribu na mgunga, fahamu kwamba naitrojeni nyingi huufanya mche uache kujenga vinundu hivyo, na matokeo yatakuwa tofauti.

Sia mbegu mwanzoni mwa Aprili. Katikati ya Mei miche ina wiki kama sita na mvua zimeondoka, kwa hiyo hazitakuharibia hesabu. Katikati ya Julai una majibu mkononi, kabla hujasia miche ya biashara Agosti.

Hatua ya 2: Andaa viriba vinavyofanana

Changanya udongo wa juu makarai matatu, mchanga karai moja, na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri karai moja. Samadi mbichi usiiguse, huunguza mizizi na kuvuruga jaribio zima. Jaza viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vya inchi 4 kwa 6, ukipima kila kimoja kwenye mizani ili vilingane uzito. Otesha kama 60, kisha chagua 48 vyenye miche inayolingana. Inayobaki itunze kando kama akiba, utaihitaji.

Hatua ya 3: Jua kiriba chako kinabeba maji kiasi gani

Hapa ndipo penye kazi, na ukiruka hatua hii utakuwa unakisia tu.

Chukua kiriba kisicho na mche. Kimwagilie mpaka maji yatoke chini, kiweke kivulini usiku kucha kichuruzike, kisha kipime asubuhi. Halafu mwaga udongo wake kwenye turubai, uuanike juani siku kadhaa mpaka uzito usipungue tena, upime pamoja na plastiki yake. Tuseme kikiwa kimeshiba kina gramu 750, na kikavu gramu 600. Tofauti ya gramu 150 ndiyo maji yote ambayo kiriba hicho kinaweza kushika.

Kundi la maji ya kutosha utalirudisha kwenye asilimia 80 ya maji hayo: 600 jumlisha 120, yaani gramu 720. Kundi la uhaba utalirudisha kwenye asilimia 40, yaani gramu 660. Tumia namba za udongo wako, maana wa mfinyanzi na wa kichanga hazifanani hata kidogo.

Mche nao una uzito na unaongezeka. Kila baada ya wiki mbili ng'oa mmoja wa akiba, uoshe, uufute, uupime, na uongeze gramu hizo kwenye lengo lako.

Hatua ya 4: Gawa makundi manne

A: maji ya kutosha, bila mbolea.
B: maji ya kutosha, na mbolea.
C: maji ya uhaba, bila mbolea.
D: maji ya uhaba, na mbolea.

Kila kundi miche 12. Weka alama kwa kipande cha plastiki, kisha piga kura kupanga nafasi na uvichanganye viriba vyote kwenye tuta moja. Usiweke kundi zima upande mmoja: viriba vya pembeni hukauka haraka kwa upepo, na upepo wa Dodoma wa Juni na Julai sio wa mchezo. Utadhani umepima mbolea kumbe umepima upepo.

Hatua ya 5: Mbolea iwe kwenye maji

Chukua NPK 17:17:17, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Mizani ya jikoni haipimi gramu 2 kwa uhakika, kwa hiyo pima gramu 20, loweka kwenye lita moja usiku kucha, kisha chuja. Masalia kidogo yatabaki, ni kawaida. Chukua mililita 100 za maji hayo, ongeza maji safi mpaka lita moja. Hapo una takriban gramu 2 za mbolea kwa lita.

Mara moja kwa wiki mpe kila mche wa B na D mililita 30. A na C wape mililita 30 za maji matupu siku hiyohiyo. Kiasi hicho kihesabiwe ndani ya mgao: toa mililita 30 kwanza, weka kiriba kwenye mizani, ndipo uongeze maji mpaka kifike lengo. Siku nyingine pima na umwagilie kila baada ya siku moja au mbili, asubuhi.

Kama kisima chako kina chumvi, na vingi vya Dodoma vinayo, tafuta maji ya mvua au ya bomba kwa jaribio hili. Mbolea nayo ni chumvi. Zikikutana mbili kwenye udongo wenye maji machache, mzizi hushindwa kuvuta hata maji yaliyopo, na ncha za majani huungua.

Hatua ya 6: Soma miche kabla jua halijachomoza

Kila wiki mbili andika kimo, unene wa shingo ya mche pale unapokutana na udongo, na idadi ya majani. Lakini kitu kilichonifundisha zaidi ni kuuangalia mche alfajiri.

Mche uliolegea saa nane mchana na kusimama jioni bado haujaumia. Umefunga vitundu vya majani yake kubana maji. Mche ambao alfajiri bado umelegea, huo una kiu ya kweli, kwa sababu usiku mzima haukupata cha kujaza. Majani ya chini yakipauka na kuwa manjano huku udongo una unyevu wa wastani, hiyo ni njaa ya naitrojeni: mche unaihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Rangi ya zambarau mara nyingi huashiria upungufu wa fosforasi. Na ukiona manjano huku udongo umeloa na unanuka, acha kumwagilia, mizizi inakosa hewa.

Hatua ya 7: Osha mizizi, kausha, pima

Mwisho wa wiki ya nane loweka viriba kwenye beseni, ondoa udongo taratibu, kata shingoni. Funga vichwa (shina na majani) na mizizi ya kila kundi kwenye magazeti tofauti, anika mpaka uzito usibadilike, kisha pima miche 12 kwa pamoja.

Gawanya kimo kwa sentimita kwa unene wa shingo kwa milimita. Mche wa sentimita 30 wenye shingo ya milimita 5 unatoa 6. Chini ya 6 ni mche imara, na juu zaidi ya hapo umerefuka kuliko ulivyonenepa. Kisha gawanya uzito wa mizizi kwa uzito wa kichwa.

Kwa kawaida B huongoza kwa kimo na uzito. A huwa mfupi na kupauka ingawa udongo wake ulirudishwa kwenye unyevu uleule wa B, na hapo ndipo utaona chakula kinavyoufanya mche uyatumie vizuri maji uliyompa. C hudumaa, lakini mizizi yake ni sehemu kubwa ya mche: kukua kwa majani ndiko hupungua kwanza maji yakiadimika, na chakula kingi huelekezwa chini. Linganisha sasa D na C. Mara nyingi faida ya mbolea kwa D ni ndogo mno ukilinganisha na ile iliyopatikana kutoka A kwenda B, kwa sababu virutubisho, hasa fosforasi, hufika kwenye mzizi kupitia maji yaliyo kati ya chembe za udongo. Udongo ukikauka, njia hiyo inakatika. Mbolea ipo na mche una njaa.

Kwa hiyo mche uliodumaa kwa kiu usiongezewe mbolea. Mpe maji kwanza, usubiri wiki, ndipo umlishe.

Hatua ya 8: Peleka majibu kwenye miche ya biashara

Miche ya Agosti ilishe na kuinywesha kama kundi B mpaka mwanzoni mwa Novemba. Hapo badilisha. Acha yuria kabisa, maana naitrojeni nyingi huongeza majani kuliko mizizi, na ndiyo iliyoiponza mijohoro yangu. Ondoa kivuli kidogokidogo, nyanyua viriba na ukate mizizi iliyotoboa chini, punguza umwagiliaji mpaka miche ilegee kidogo mchana na kusimama jioni. Endelea hivyo wiki nne hadi sita. Ukikuta mche umelegea alfajiri, umezidisha, mwagilia siku hiyohiyo.

Desemba mvua zikishanyesha, chimba kwa mkono kabla hujasafirisha mche wowote. Unyevu ukiwa umefika sentimita 30 kwenda chini, mwagilia viriba vishibe jioni, na asubuhi yake upande, plastiki ikiwa imevuliwa yote.