Kuchagua kamera ndogo ya mfukoni: anza na mfuko wenyewe

Ukiulizia kamera ndogo, wauzaji wengi wataanza na megapikseli. Achana nazo kwanza. Kwa mpenzi wa picha mwenye simu nzuri, kamera hii inafaa kununuliwa kwa sababu mbili tu: utatembea nayo kila siku, na itakupa picha ambayo simu inashindwa. Nikimsindikiza mtu dukani, tunafuata mpango huu.

Hatua ya 1: Pima mfuko. Vaa suruali ya kila siku. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ina unene wa milimita 33 hivi na uzito wa gramu 257 ikiwa na betri na kadi. Inaingia mfuko wa mbele na unaweza kuketi nayo. Fujifilm X100VI ya 2024 ni kamera nzuri sana, ila ina gramu 521 na lenzi yake haizami ndani. Hiyo ni ya mkoba.

Hatua ya 2: Uliza ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Kihisi kinachoitwa cha inchi moja, kama cha Sony RX100 VII au Canon G7 X Mark III, kina milimita 13.2 kwa 8.8. Cha saizi iitwayo APS-C, kilichomo ndani ya GR III, kina eneo kubwa zaidi ya mara tatu. Tofauti utaiona usiku Forodhani, Zanzibar, kwenye moshi wa mishikaki na taa za hapa na pale: kihisi kikubwa hakijazi chengachenga kwenye giza.

Lakini kihisi kikubwa kikiwekwa kwenye mwili mdogo, zumu huwa haina nafasi. Milimita za lenzi zikiwa nyingi, inavuta mbali zaidi; zikiwa chache, inachukua eneo pana. Kwa kipimo hicho cha kulinganishia kamera, RX100 VII inafika milimita 200. GR III imebaki 28 tu.

Hatua ya 3: Soma picha zako za zamani. Fungua simu utazame unazozipenda. Kama kila mara unakata kingo ili mtu asogee, chukua GR IIIx yenye milimita 40, au zumu. Mimi napiga zaidi vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako ukuta uko mgongoni na huna pa kurudi nyuma, 28 inanitosha.

Hatua ya 4: Ishike, kisha toka nayo juani. Iwashe kwa mkono mmoja. Jaribu kuongeza na kupunguza mwanga wa picha bila kuingia kwenye menyu. Halafu simama mlangoni mwa duka saa sita mchana: je, kioo cha nyuma kinaonekana? GR III haina kitundu cha kuchungulia. RX100 VII inacho, kidogo, kinachochomoza juu.

Hatua ya 5: Ikiwa imeshatumika, ikague bila haraka. Lenzi inayotoka na kurudi huvuta hewa, na hewa huingia na vumbi. Funga upenyo, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, hadi f/11 au f/16 (namba kubwa ni tundu dogo), piga ukuta mweupe kwa karibu bila kujali fokasi, kisha kuza picha na uipitie kona hadi kona. Madoa meusi yanayobaki palepale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Lenzi haifunguki, kwa hiyo kusafisha ni kazi ya fundi wa kuifungua kamera nzima. Mimi hapo naomba bei ishuke sana, au naondoka.

Iwashe na kuizima mara kadhaa huku ukiitegea sikio. Ukisikia mkwaruzo, kuna mchanga. Kwetu pwani tazama pia kutu kwenye tundu la skrubu chini ya kamera na ukijani kwenye vyuma vya betri. Chumvi huanzia huko. Betri isiyo na kasoro huchomoka yenyewe ukiachia kishikizo chake. Ukilazimika kuivuta kwa kucha, huenda imevimba, na hiyo usiitumie.

Hatua ya 6: Tenga pesa ya betri ya pili. GR III hupiga takriban picha 200 kwa chaji moja, na hazitoshi siku ya sherehe za Mwaka Kogwa. Inachajiwa kwa USB-C, hivyo powabenki ya simu inafaa. Nunua na kifuko cha kitambaa, na kwenye mfuko wa suruali usiichanganye kamera na funguo wala sarafu.